Tunapofundisha Mei Mosi, tuanze na utoto wa Makhan Singh

Mhariri,

Kila Mei Mosi ikikaribia, jina la Makhan Singh hurudi majukwaani na magazetini, na kila mara hupitiwa haraka. Husemwa kwamba alikuwa Mhindi, mkomunisti, mwanzilishi wa vyama vya wafanyakazi, na kwamba Waingereza walimweka kizuizini miaka kumi na moja na zaidi. Kisha msemaji anaendelea na mengine. Mwanafunzi anayesikiliza hubaki akidhani kwamba mtu huyu alishuka melini Mombasa na siasa kali zikiwa tayari kichwani, kama mzigo uliofungwa mahali pengine. Dhana hiyo si ya kweli. Isitoshe, ndiyo dhana ambayo serikali ya kikoloni ilitaka watu waamini mwaka 1950, ilipokuwa ikitafuta sababu ya kumtoa nchini. Inaniuma kuona walimu na viongozi wa wafanyakazi, watu wenye nia njema kabisa, wakiirudia bila kujua ilikotoka.

Naomba nafasi nieleze jinsi msimamo wake ulivyojengeka, kwa miaka na kwa mahali, kwa maana chimbuko lake linafuatika vizuri mtu akikubali kuanza mapema.

Makhan Singh alizaliwa tarehe 27 Desemba 1913 katika kijiji cha Gharjakh, jirani na mji wa Gujranwala, Punjab, eneo ambalo leo liko Pakistan. Ukoo wake ulikuwa wa mafundi seremala wa dini ya Kisingasinga, watu ambao Kenya wengi wetu tumezoea kuwaita Makalasinga. Hawakuwa mabwanyenye wala wafanyabiashara wakubwa. Jambo hili lina uzito, kwa sababu simulizi zetu hupenda kuwaweka Wahindi wote wa Kenya katika kapu moja la wenye maduka, na mtu akishawekwa humo, siasa zake za kutetea vibarua huonekana muujiza usio na maelezo.

Aprili 1919 alikuwa hajatimiza miaka sita. Tarehe 13 ya mwezi huo, mjini Amritsar, Jenerali Dyer aliwaamuru askari wake waufyatulie risasi umati uliokusanyika katika uwanja uliozungukwa na kuta, Jallianwala Bagh. Hesabu ya serikali yenyewe ilitaja watu 379 waliokufa na risasi 1,650 zilizopigwa, na wananchi walishikilia kwamba waliouawa walikuwa wengi zaidi. Hilo la Amritsar linajulikana duniani kote. Lisilojulikana sana kwetu ni kwamba kesho yake, tarehe 14, ghasia zilizuka Gujranwala, yaani mlangoni mwa kijiji cha mtoto huyu, na serikali ikajibu kwa ndege za kivita. Ndege hizo ziliangusha mabomu na kumimina risasi za bombomu juu ya mji na vijiji vya jirani. Kabla ya hapo ni watu wachache sana duniani waliokuwa wamewahi kushambuliwa kutoka angani na serikali iliyodai kuwatawala kwa sheria.

Baada ya mabomu zikafuata sheria za kijeshi. Katika wilaya ya Gujranwala ilitolewa amri kwamba Mhindi akikutana njiani na afisa wa Kiingereza lazima amsalimu kwa heshima, na aliyepanda mnyama au gari ashuke kwanza. Watoto wa shule walipangwa mistari kupigia bendera ya Uingereza saluti, katika joto la Punjab la miezi ile. Ikumbukwe pia kwamba wanaume wa Punjab ndio waliokuwa wametoka kupigana vita vya Waingereza kuanzia 1914 hadi 1918, wakiwamo waliopigana huku kwetu Afrika Mashariki. Waliporudi nyumbani walilipwa kwa amri ya kushuka kwenye punda mbele ya afisa.

Sidai kwamba mtoto wa miaka mitano alielewa siasa za himaya. Mtoto wa umri huo huelewa mambo machache, lakini huyaelewa barabara: nani anaogopwa, nani analia, na jambo gani wakubwa husimulia kwa sauti ya chini. Gharjakh iliendelea kuishi na habari za 1919 kwa miaka mingi, na huyu alikua humo.

Kilichofuata ndicho ambacho mimi nakiona kuwa kizito kuliko mabomu yenyewe, ingawa hutajwa mara chache. Kati ya mwaka 1920 na 1925 Masingasinga wa Punjab walipigania kurudishiwa mahekalu yao, ambayo yalikuwa mikononi mwa wasimamizi waliolindwa na serikali. Tarehe 20 Februari 1921, huko Nankana Sahib, waumini zaidi ya mia moja waliuawa ndani ya hekalu. Mwaka 1922, mahali paitwapo Guru ka Bagh, waumini walijipanga kwa vikundi, kila siku kikundi kimoja kikienda mbele ya polisi, kikapigwa kwa virungu mpaka watu wakaanguka, na hakuna aliyeinua mkono kurudisha pigo. Kesho yake kikundi kingine kikaenda. Maelfu walikamatwa. Mwisho wake, mwaka 1925, serikali ilikubali sheria iliyokabidhi mahekalu kwa kamati iliyochaguliwa na waumini wenyewe.

Makhan Singh alikuwa na miaka saba mapambano ya Nankana yalipotokea, na kumi na mmoja sheria ilipopitishwa. Kwa hiyo utotoni mwake aliona mambo mawili yakifuatana: umati wa 1919 uliokasirika bila mpango na ukavunjwa kwa siku chache, kisha watu waliojipanga kwa zamu, wenye orodha, nidhamu na kamati, ambao walipigwa miaka mitano na wakashinda. Mtu akitaka kujua ni kwa nini baadaye, akiwa Nairobi, alikuwa mkali sana juu ya kumbukumbu za mikutano, uchaguzi wa viongozi na utaratibu wa kutoa ilani kabla ya mgomo, atazame hapo kwanza kabla ya kutafuta vitabu vya Karl Marx.

Miaka yote hiyo baba yake hakuwapo. Sudh Singh alikuja Kenya mwaka 1920 kama fundi seremala akafanya kazi reli. Alijiunga na harakati za mafundi wa reli, na baadaye akaacha ajira na kufungua kiwanda kidogo cha chapa Nairobi. Mama na watoto walibaki kijijini hadi 1927. Miaka saba ya mtoto kulelewa na mama huku baba akitafuta ng'ambo ni maisha ambayo familia nyingi za Kiafrika za wakati uleule ziliyajua vilevile, baba akiwa Nairobi, Mombasa au kwenye mashamba ya wazungu, na familia ikibaki Murang'a, Kakamega au Ukambani. Tofauti ya rangi isitufiche mfanano huo.

Alifika Nairobi akiwa na miaka kumi na tatu. Mji aliouona ulikuwa umegawanywa kwa rangi waziwazi: wazungu kwenye vilima, Wahindi kuanzia mtaa wa River Road hadi Ngara, Waafrika Pangani, Pumwani na kwenye mabweni ya waajiri. Nyanda za juu zenye rutuba zilikuwa za wazungu, na Mhindi hakuruhusiwa kumiliki shamba huko. Mwafrika mwanamume alilazimishwa kubeba kipande, yaani kitambulisho cha kazi. Mishahara ya kazi moja ilipangwa kwa ngazi tatu kulingana na rangi. Miaka mitano tu ilikuwa imepita tangu watu wapigwe risasi Machi 1922 walipokusanyika Nairobi kudai mwanaharakati Harry Thuku aachiliwe. Kijana aliyetoka Gujranwala hakuhitaji mkalimani wa kumweleza habari hiyo.

Alisoma katika shule ya serikali ya watoto wa Kihindi, ambayo leo ni Jamhuri High School, akafaulu mtihani wa matrikulesheni ya London mwaka 1931. Alikuwa hodari wa masomo na alitamani kuendelea, lakini fedha hazikuwapo, na uchumi wa dunia nzima ulikuwa umeanguka. Akaingia kazini katika kiwanda cha baba yake.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu kiwanda cha chapa ndicho kilichomfundisha kazi, na simulizi nyingi huruka sehemu hii kwa sentensi moja.

Kiwanda kidogo cha chapa cha miaka ya 1930 kilifanya kazi kwa herufi za madini ya risasi. Mpangaji wa herufi husimama mbele ya sanduku lenye vijumba vingi, kila herufi na kijumba chake. Anaziokota moja moja kwa mkono wa kulia na kuzipanga ndani ya kishikio cha chuma alichoshika kwa mkono wa kushoto, herufi zikiwa zimegeuzwa kama zinavyoonekana kwenye kioo. Mistari ikitimia inahamishiwa kwenye fremu ya chuma na kukazwa kwa kabari. Kabari zikilegea, herufi zinamwagika na kazi ya saa nzima imekwisha. Wino unapakwa kwa rola, inachapwa nakala ya kwanza ya kusahihishia, makosa yanatolewa kwa koleo dogo, ndipo kazi yenyewe inaanza. Ikimalizika, kila herufi inarudishwa kijumbani mwake, maana risasi ni ghali na kesho herufi zilezile zitahitajika kwa kazi nyingine. Kila hati ina sanduku lake: Kipunjabi kina la Gurmukhi, Kigujarati kina lake, Kiswahili na Kiingereza hutumia moja la herufi za Kirumi. Kiurdu kwa kawaida kiliandikwa kwa mkono na mwandishi mwenye hati nzuri.

Mtu anayefanya kazi hiyo kila siku hupata elimu ambayo shule haitoi. Kwanza, anajua bei ya neno. Sentensi ndefu ina gharama ya risasi, ya muda na ya karatasi, hivyo anajifunza kusema dai moja kwa mstari mmoja. Pili, anazoea lugha nyingi kuwa kazi ya kawaida, na hii ndiyo iliyomfaa kuliko zote. Kiongozi wa wafanyakazi asiye na kiwanda alilazimika kutafuta mpiga chapa aliyekuwa tayari kuhatarisha leseni yake, amlipe, kisha angoje. Makhan Singh aliweza kuandika tangazo jioni na kuligawa kesho yake, kwa Kipunjabi, Kiurdu, Kigujarati na Kiswahili. Tatu, anaona jinsi kazi inavyohesabiwa: saa za mpangaji, karatasi, wino, na kinachobaki kwa mwenye kiwanda. Baba yake alikuwa mwenye kiwanda, na yeye mwenyewe alikuwa akisimama kwenye sanduku la herufi. Ugomvi kati ya mshahara na faida aliuona ndani ya nyumba yao.

Mwaka 1934 mafundi wa Kihindi Nairobi walianzisha chama chao. Vyama vya namna hiyo vilikuwa vimekuja na kufa mara kadhaa kabla ya hapo, na sababu za kufa kwake zinafahamika: ada haikukusanywa, viongozi walikuwa watu wa heshima wasiokuwa mafundi, na chama kilikuwa cha jamii moja. Makhan Singh alichaguliwa katibu Machi 1935 akiwa na miaka ishirini na mmoja. Mwezi uliofuata chama kiliondoa neno la Kihindi katika jina lake na kufungua mlango kwa wafanyakazi wa rangi zote. Kikaitwa Labour Trade Union of Kenya.

Wengi hueleza uamuzi huo kama wema wa moyo. Wema ulikuwapo, lakini kulikuwa na hesabu pia. Kontrakta wa ujenzi aliyegomewa na maseremala na waashi wa Kihindi angeweza kuwachukua Waafrika waliokuwa wameshajifunza ufundi huohuo wakiwa wasaidizi, akawalipa ngazi ya chini zaidi. Waafrika wakigoma, angeweza kufanya kinyume chake. Ngazi tatu za mishahara zilikuwa silaha ya mwajiri dhidi ya ngazi zote tatu. Chama cha rangi moja kilikuwa kinashindwa kabla ya mgomo kuanza. Mtu aliyetazama mahekalu ya Punjab yakirudishwa na watu waliojipanga pamoja hakuona ugumu wa kuelewa hilo, lakini viongozi wengi wa wakati wake, Wahindi kwa Waafrika, walichelewa sana kulielewa.

Oktoba 1936 chama kilidai siku ya kazi ya saa nane. Mwaka 1937 kikadai nyongeza ya mshahara ya asilimia 25, na makontrakta walipokataa, mgomo ukaanza Aprili. Ulidumu siku 62. Kwa fundi anayelipwa kwa siku, siku 62 ni kodi ya nyumba ya miezi miwili, ni deni la duka, ni watoto. Mgomo wa namna hiyo huvunjika kwa kawaida katika juma la tatu au la nne, mwenye duka anapokataa kuendelea kukopesha. Huu haukuvunjika. Uliisha kwa nyongeza ya kati ya asilimia 15 na 22, siku ya saa nane, waliogoma kurudishwa kazini, na chama kutambuliwa. Mwaka huohuo serikali ikatunga sheria ya kwanza ya kusajili vyama vya wafanyakazi, na chama, ambacho sasa jina lake lilipanuliwa kuwa la Afrika Mashariki nzima, kikasajiliwa. Kufikia 1939 Jesse Kariuki na George Ndegwa, wanaharakati wa Kikuyu Central Association, walikuwa wamechaguliwa katika kamati yake kuu.

Nashauri sana miaka hii isisomwe kama utangulizi wa ukomunisti wake. Ukomunisti aliukubali na hakuuficha. Lakini alipoukuta, alikuwa ameshaamua upande wake: aliupokea kama maelezo ya mambo aliyokwisha kuyaona kwa macho na kuyagusa kwa mikono.

Desemba 1939 alisafiri kwenda India. Huko alijiunga na harakati za wafanyakazi wa viwanda vya nguo, akakamatwa Mei 1940 mjini Ahmedabad, akawekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Alikaa katika kambi ya Deoli na kwingineko hadi 1942. Alipotolewa, alizuiwa kutoka katika kijiji chake cha Gharjakh hadi Januari 1945. Kijiji alichozaliwa, kilichoshuhudia ndege za 1919, serikali ileile ilikigeuza kuwa gereza lake. Baada ya hapo alifanya kazi katika gazeti la wakomunisti mjini Lahore, na Agosti 1947 akarudi Kenya.

Tazameni mwezi huo. Agosti 1947 ndipo India ilipogawanywa. Gujranwala ilianguka upande wa Pakistan, na Masingasinga wa eneo hilo wakakimbia au wakauawa. Serikali ya Kenya ilipomwamuru aondoke nchini na kurudi "kwao", kwao hapakuwapo tena. Aliyesema mahakamani kwamba Kenya ni nyumbani kwake hakuwa akicheza na maneno ya kisheria. Baba yake, kazi yake, shule yake na chama chake vilikuwa Nairobi, na kijiji cha utoto wake kilikuwa ng'ambo ya mpaka ambao Msingasinga hakuweza kuuvuka salama.

Ya baadaye yanajulikana zaidi, nitayapitia upesi. Tarehe 1 Mei 1949 yeye na Fred Kubai waliunda muungano wa vyama vya wafanyakazi wa Afrika Mashariki, Kubai akiwa rais na yeye katibu mkuu. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, kwenye mkutano wa pamoja wa KAU (Kenya African Union), chama cha kisiasa cha Waafrika, na chama cha kisiasa cha Wahindi wa Afrika Mashariki, alitoa hoja ya kudai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki, na mkutano ukaipitisha. Tarehe 15 Mei yeye na Kubai wakakamatwa. Wafanyakazi wa Nairobi wakagoma, wakidai waachiliwe pamoja na kiongozi mwingine wa wafanyakazi, Chege Kibachia, aliyekuwa kizuizini tangu 1947, na kima cha chini cha mshahara cha shilingi mia moja kwa mwezi. Makhan Singh alisikilizwa Nyeri mbele ya Jaji Thacker, yuleyule aliyekuja kusikiliza kesi ya Jomo Kenyatta na wenzake huko Kapenguria miaka miwili baadaye. Akapelekwa kizuizini Lokitaung, kisha Maralal na Dol Dol. Alitoka Oktoba 1961. Alifariki tarehe 18 Mei 1973 bila kupewa wadhifa wowote wa maana na serikali ya nchi aliyoidai kuwa huru, na hilo ni deni ambalo halijalipwa.

Mhariri, kuna hoja moja ya haki ambayo wasomaji makini watainua, nami sitaki kuikwepa. Wavulana wengi wa Gujranwala waliona ndege zile. Wengi walikuja Kenya, wakasoma shule zilezile, wakawa makarani, wenye maduka na makontrakta, baadhi yao wakawa ndio waajiri waliogomewa mwaka 1937. Kwa nini huyu mmoja tu? Waswahili tunasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, lakini waliomlea huyu ni wengi, na si wote walivuta upande mmoja. Jibu langu ni kwamba utoto humpa mtu swali, na ujana humpa, au humnyima, chombo cha kulijibia. Swali la Gujranwala walipewa maelfu. Kiwanda cha chapa, familia ya fundi aliyekuwa mwanachama wa chama cha mafundi, mlango wa chuo uliofungwa kwa kukosa fedha, na chama kilichohitaji katibu mwaka uleule alipokuwa na miaka ishirini na mmoja, vilikutana kwa mtu mmoja. Angepata fedha za chuo mwaka 1931, huenda leo tungekuwa tukisoma habari za wakili fulani wa Ngara.

Ndiyo maana nawasihi walimu wenzangu wasifundishe maisha ya mwanaharakati kuanzia siku aliyokamatwa. Njia iliyo rahisi darasani ni kuchora nguzo tatu ubaoni. Ya kwanza iandikwe mwaka, ya pili umri wake mwaka huo, ya tatu tukio lililokuwa karibu naye kimwili, yaani lililotokea mahali alipokuwa akiishi. Wanafunzi wajaze kuanzia 1913 hadi 1935 kabla ya kuruhusiwa kugusa 1950. Kisha waulizwe maswali manne kwa kila hatua: nani alikuwa akilipia chakula nyumbani, mikono yake ilikuwa ikishika chombo gani, chama gani cha kwanza alikiona kikishinda au kikishindwa, na mlango gani alifungiwa. Vipindi viwili vya dakika arobaini vinatosha.

Makosa hutokea mahali pale pale. La kwanza ni kuweka tukio kubwa la mbali badala ya la karibu: wanafunzi huandika mapinduzi ya Urusi ya 1917, ambayo mtoto wa Gharjakh hakuyaona, na kusahau ndege za 1919, zilizokuwa juu ya wilaya yake. La pili ni kumpa mtoto mawazo ya mtu mzima, kana kwamba alizaliwa akijua atakavyokufa. Dawa yake ni ile nguzo ya umri: mwanafunzi akiona tarakimu 5 ubaoni, anaacha kuandika kwamba "alipinga ubeberu". La tatu ni kuruka miaka ya kazi kwa sababu haina risasi wala mahakama. La nne, ambalo ni letu hasa, ni kumwondoa mtu katika historia ya Kenya kwa sababu ya kilemba chake, kisha kumrudisha kama mgeni mheshimiwa.

Kwa wanaotaka kwenda mbali zaidi, aliandika mwenyewe historia ya vyama vya wafanyakazi vya Kenya hadi 1952, ikachapishwa mwaka 1969, na hati zake, matangazo na kumbukumbu za mikutano, zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Nairobi. Ni kumbukumbu za mtu aliyezoea kurudisha kila herufi kijumbani mwake, na mwalimu atakayeomba kuziona atapata humo somo la muhula mzima.

Ombi langu kwa gazeti hili ni dogo. Mei Mosi ijayo, mnapotenga ukurasa wa mashujaa wa wafanyakazi, chapeni jedwali la miaka yake kuanzia Gharjakh, si kuanzia Kaloleni. Fanyeni hivyohivyo kwa Fred Kubai na Chege Kibachia, ambao utoto wao na kazi zao za kwanza vijana wetu hawazijui kabisa.

Mwalimu mstaafu wa historia,
Nakuru